Papai Halichemshwi

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni wana njaa isiyo na adabu. Kengele ya mchana ikilia wanakuja kantini mbio, mikono bado inateleza, na nyama ikiwa ngumu hawanung'uniki chini chini kama watu waliolelewa. Wanagonga sahani mezani na kumtukana mpishi, mama yake mpishi na ng'ombe mwenyewe. Mimi naosha vyombo pale. Dirisha la sahani chafu ndilo langu, kwa hiyo matusi yote yalikuwa yakipitia kwangu kabla ya kufika jikoni. Nina mdomo, sikatai, na mengine nilikuwa nayarudisha palepale.

Halafu akaja yeye, na matusi yakakoma. Walimpa jina la Mama Laini kwa sababu ya nyama yake. Kiwanda kilikuwa kinanunua ng'ombe waliochoka na maisha, nyama ngumu kama kamba, na mwanamke huyu akaigeuza ikawa inakatika kwa kijiko. Siri yake haikuwa siri. Papai bichi, lile la kijani kabisa linalotoa utomvu mweupe ukiligusa kwa kisu. Analimenya, analikwaruza, anaipaka nyama mbichi na kuiacha kidogo, ndipo anabandika sufuria. Ukiiacha muda mrefu, nyama inakuwa uji. Ukilitia papai kwenye sufuria inayochemka, umetupa papai, moto unaliua. Siku moja nilijifanya kumsaidia nikalitumbukiza kwenye mchuzi unaotokota. Akanipiga mwiko wa mkono. "Papai halichemshwi!" alifoka. "Ukilichemsha ni takataka tu, mdogo wangu. Bora uwape kuku."

Alikuwa mnene, mcheshi, na kicheko chake kilianza kwa kikohozi kidogo, kama anayesafisha njia ili kicheko kipite. Na alipenda sifa, jamani. Ukimsifia umemmaliza. Watu wakishaanza kula alikuwa anakuja kusimama nyuma yangu, pale dirishani. "Unasikia?" ananiuliza. Namwambia sisikii kitu. "Ndiyo hicho hicho," anasema. Maana yake ule ukimya wa watu mia wanaokula kwa raha. Anakohoa kidogo, anacheka, anarudi jikoni.

Sisi wa jikoni tunapimwa afya kila mwaka. Mwaka ule wakaongeza kipimo cha virusi vya ini, na majibu hayakuja kwa siri wala kwa heshima. Msimamizi alisimama mlangoni, kitambaa puani, akamnyooshea Mama Laini kidole mbele yetu sote. "Wewe, weka mwiko chini. Usiguse kitu. Una homa ya ini." Mama Laini alikuwa ameshika bakuli la nyama iliyokwisha pakwa papai. Akauliza, "Na hii niiweke wapi?" Akaambiwa aitupe. Akaenda nayo mpaka kwenye pipa la taka, akaimwaga polepole, na hakuna aliyemsaidia kufunua mfuniko isipokuwa mimi.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Aproni yake ilichomwa moto nyuma ya stoo. Kikombe chake kikawekwa nje, juu ya ukingo wa dirisha, mvua yake jua lake. Watu waliokula kwa mkono wake miaka nenda miaka rudi, waliomwita mama, wakimwona wanapita upande wa pili wa uwanja. Akapewa ufagio. "Shukuru hujafukuzwa," msimamizi alimwambia, na kweli alisimama pale akisubiri ashukuriwe, mshenzi yule.

Jikoni akaingizwa mpwa wake msimamizi, mwanamume anayejua kupika kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Alikuwa amesikia habari za papai. Akalimenya, akalitupa kwenye sufuria inayotokota. Mama Laini akamwona kutoka uwanjani, ufagio mkononi, akapiga kelele, "Papai halichemshwi!" Wakamfungia mlango. Nyama ikarudia ugumu wake, na wale watu wasio na haya wakasema Mama Laini ameilaani.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mume wake, dereva wa lori, alihamia kwenye kochi. Akanunua sahani nyekundu na kumwambia mkewe hiyo ndiyo yake, asile kwenye nyingine. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, fundi cherehani, na yeye peke yake ndiye ambaye hakubadilika. Alimshika mama yake mkono akampeleka kliniki. Nami nikafuatana nao, kwa sababu niliwajua hao, mbele ya wenye makoti meupe wanaitikia kila kitu.

Nesi alikuwa anaongea haraka, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Alisema ugonjwa ule hauambukizwi kwa chakula wala kikombe. Unapita kwenye damu, kitandani, na kwa mama anapojifungua, basi mume na binti wapimwe na wachanjwe. Nikasema kwa sauti, ili foleni yote isikie, "Kwa hiyo sahani nyekundu ni ya nini?" Nesi akaniambia ninyamaze. Akamgeukia Mama Laini.

"Ini lako lina makovu, mama. Limeanza kuwa gumu."

Mama Laini alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Hapo akakiinua. "Gumu?"

"Gumu."

"Haliwezi kulainishwa?"

Nesi akacheka, nadhani alidhani ni mzaha. "Haya si mambo ya jikoni. Utameza kidonge kimoja kila siku, maisha yako yote. Hakiviui virusi vyote, kinavilaza. Ukiviacha hivi vidonge, vitaamka, na vikiamka wakati ini lenyewe ndilo hili, vitakumaliza. Umenielewa?"

Alisema ameelewa. Binti akauliza tena, nesi akarudia tena: kidonge au kaburi, hakuna katikati. Kusema haki, yule nesi hakuficha kitu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Laini, na nilimwona. Neno alilotoka nalo pale ni moja tu, gumu.

Vidonge alivimeza. Alikuwa anavificha kwenye kopo la majani ya chai ili wageni wasivione, na binti alikuwa anapiga simu kila jioni kuuliza, "Mama, umemeza?" Vilimtia kichefuchefu mwanzoni, akanuna, lakini alimeza. Alipopimwa tena walisema virusi vimelala fofofo. Mimi nikapiga vigelegele palepale kwenye korido. Yeye hakufurahi. "Vimelala," alisema njiani, "na mimi bado nakula kwenye sahani nyekundu."

Ndipo akaingia mdogo wa mumewe. Mimi namwita Koti, kwa sababu udaktari wake ulianzia kwenye koti jeupe na kuishia hapohapo. Alishawahi kuuza vioo vya simu, akauza dawa ya panya ambayo panya waliipenda, na sasa alikuwa anauza dawa za kwenye chupa. Zamani alizoea kuja jikoni kwetu kudoea chakula, na hapo ndipo alipojifunza mambo ya papai, kwa mdomo wa Mama Laini mwenyewe.

Siku aliyokuja nyumbani kwao nilikuwepo, nimemletea Mama Laini ndizi. Koti alivuta kiti, akaketi karibu naye, karibu kabisa, magoti yakigusana. Mama Laini alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe chake cha kutengwa. Koti akakichukua mkononi mwake, akanywa, akakirudisha. "Chai nzuri, shemeji," akasema. Hakuna aliyekuwa amegusa kikombe kile tangu majibu yatoke. Nikamwona Mama Laini machozi yanamtoka bila sauti. Nami nilikuwa nimechagua ndizi kwa sababu zina maganda, mkono wake haugusi ninachokula. Ule unywaji wa chai ndio ulionishinda nguvu.

"Unakumbuka ulinifundisha papai?" Koti akauliza.

"Nakumbuka."

"Kile kinacholainisha nyama kina jina lake. Kinaitwa kimeng'enya. Watafiti wanaandika juu yake, ona." Akatoa simu, akaonyesha maandishi madogo ambayo yeye mwenyewe hakuyasoma. "Sasa nikuulize, shemeji. Nyama ya ng'ombe mzee inalainika. Ini lako ni nini? Si nyama?"

"Ng'ombe amekufa," nikasema. "Huyu yuko hai."

Koti aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mlevi. Akaendelea kumvisha mwenzake kilemba cha ukoka. "Wewe ulikuwa mwanasayansi siku zote. Hawa waliokupa ufagio hawajui walichokitupa." Mama Laini akajifuta macho, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ufagio nikakisikia kile kikohozi kidogo, halafu kicheko.

Alipokuwa anaondoka Koti akakumbuka jambo. "Pale kantini maganda ya papai mnatupa wapi?"

"Nayafagia mimi."

"Niwekee basi. Nina kuku."

Akawa anamwekea. Kila siku, baada ya kufagia, anayachambua kwenye taka, anayafunga kwenye mfuko vizuri, na Koti anapita getini kuuchukua.

Siku moja au mbili baada ya Koti kunywa ile chai, Mama Laini aliniita nyumbani. Alikuwa amenunua ini la ng'ombe, amelipaka papai na kuliacha tangu asubuhi. Akafunua bakuli. Ini lilikuwa limevurugika, linatiririka, harufu yake sitaki kuikumbuka. "Unaona?" aliniambia, macho yanang'aa. "Limelainika!"

"Dada, limekuwa uji."

"Nimezidisha tu. Kipimo ndicho muhimu, na Koti anajua kipimo."

"Na vidonge?"

Akasema vidonge na papai haviwezi kukaa tumbo moja, Koti amemwambia vidonge vinaua kimeng'enya. Nilimsihi. Nilimwambia arudi kwa nesi aulize, kuuliza tu, hakuna anayekufa kwa kuuliza. Akanijibu kwamba nesi alimcheka na Koti alikunywa chai yake. Nikampigia simu binti palepale, mbele yake, na yeye akalifunika bakuli na kugeukia ukutani.

Binti alikuja, mafuta ya cherehani bado yako vidoleni. Akafungua kopo la majani ya chai, akavikuta vidonge havijaguswa. "Mama, unataka kufa?" Akakiweka kimoja kiganjani, akamimina maji, akapiga magoti. "Meza mbele yangu. Nakuomba." Mama Laini akanyoosha mkono. Nakuapia, akanyoosha mkono. Na baba mtu akaingia, mwenye kochi lake. Alisema amechoka kuonekana mume wa mgonjwa, kila siku kliniki, kila siku majirani wanahesabu. Mdogo wake ana dawa ya asili isiyo na foleni wala aibu. Akalichukua kopo akaenda kulimwaga chooni. Binti akamrukia mkono. Akapigwa kofi, akaambiwa nyumba ile si yake tena, asikanyage. Mama Laini alikuwa anatazama. Angesema neno moja tu ningemshika mkono tukatoka wote watatu, lakini alisema, "Mwanangu, msikilize baba yako."

Sasa sikia ukatili wa mambo. Akaanza kumeza unga wa Koti wa kwenye chupa, na akapata nafuu. Kichefuchefu kilikwisha kwa sababu vidonge vimekwisha, hamu ya kula ikarudi, uso ukajaa. Hata mimi niliduwaa. Koti alileta simu yake pale uwanjani kwetu kiwandani na kumrekodi, amesimama na ufagio, anatabasamu. "Mimi Mama Laini," alisema, "mpishi wa nyama. Ini langu lilikuwa gumu, sasa ni laini. Limelainika kama nyama yangu." Kikohozi kidogo, kicheko. Watu wawili watatu wa kiwandani walimpongeza. Mmoja alimpa mkono, na yeye siku nzima hakuunawa.

Haukupita muda macho yakawa ya manjano. Nikamwambia, akaniambia Koti amesema ni sumu inatoka. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Sumu inatoka. Tumbo likavimba, yeye aliyekuwa mnene mwili ukamwisha, tumbo likabaki peke yake mbele. Nikadhani sasa angalau atashtuka. Unajua Koti alisema nini? Alisema ini linalainika, linaachia maji, kama nyama inavyoachia maji jikoni. Na yule mwanamke, ambaye hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu nyama, akatikisa kichwa kwa kuelewa. Akaongeza dozi.

Damu ilinichemka. Nikatoka pale nikaenda kwa Koti, mguu mosi mguu pili, nimeapa nitamvua lile koti kwa meno. Hakuwepo. Mlango wa uani ulikuwa wazi, nikaingia. Kuku sikuona hata unyoya. Niliona jiko la mkaa, sufuria kubwa nyeusi, na ndani yake maganda ya papai yanatokota, povu limepanda mpaka ukingoni. Mengine yalishachemshwa yakatandazwa juani kwenye bati, nzi wamejaa. Kando yake kinu, na chupa tupu zimepangwa. Mifuko ilikuwa chini, na fundo lake nalijua, ni yeye pekee aliyefunga hivyo, mapindo mawili na kitanzi. Ile mifuko alifunga Mama Laini kwa mkono wake. Nilikaa chini pale kwenye vumbi.

Niliporudi alikuwa ameanza kuweweseka. Mume alikuwa safarini na lori, na hakuna wa kutuzuia. Tukampeleka hospitali mimi na binti, tumembeba kwenye shuka.

Nesi alikuwa yuleyule. Alipomfunua macho akapandwa na hasira, na hasira yake akaimalizia kwa mgonjwa, kama wanavyofanya. "Nani alikwambia uache? Nani? Si nilikwambia?" Binti akamweleza habari ya kimeng'enya. Nesi akashusha pumzi. "Watu wanachunguza mengi maabara, kwenye vichupa, na siku moja labda watapata kitu. Lakini wewe si kichupa, mama. Kimeng'enya ukikimeza, tumbo linakisaga kama linavyosaga nyama. Hakifiki popote. Ini lako halijui kama umekula papai." Akaandika vidonge vilevile vilivyomwagwa chooni. Pembeni alituambia sisi kwamba virusi vimeamka na ini halina pa kushika. Vidonge vingefaa kabla. Sasa ni kujaribu tu.

Kuna asubuhi moja akili ilimrudia. Binti alikuwa amekwenda kutafuta uji, tukabaki wawili. Macho yake ya manjano yaliniangalia vizuri, akaniita mdogo wangu. Nami nikamwambia. Wengine walisema baadaye ningemwacha afe na amani yake. Amani gani? Alikuwa mpishi. Ana haki ya kujua alichokula.

"Dada," nikasema, "Koti hana kuku. Dawa yake ni yale maganda unayomfungia."

Alinishika kiganja.

"Yale maganda ya taka?"

"Yale yale."

"Anayafanyaje?"

"Anayachemsha kwanza. Halafu anayaanika juani, anasaga."

Hapo ndipo alipojaribu kuinuka. Kwa nguvu gani sijui, alijiinua kwa kiwiko, mrija ukamning'inia mkononi, na sura aliyoivaa ilikuwa ileile ya siku aliponipiga mwiko. Hakuuliza kuhusu udanganyifu, wala mume, wala kifo.

"Anachemsha?" akasema. "Papai halichemshwi! Hata nyama lisingelainisha hilo. Hajui kitu yule!"

Akarudi kwenye mto. Nilimwona anaipitia hesabu yake yote kichwani, ile ya nyama na ini, na safari hii anaifikisha mwisho. "Mwambie mwanangu alete vidonge," akasema. "Nitameza. Mwambie nitameza mbele yake." Binti aliporudi alimpa, akameza, akafungua mdomo kuonyesha, kama mtoto. Alimeza siku iliyofuata pia. Siku ya tatu koo lilikataa, na jioni yake akafa.

Msibani Koti alivaa koti. Alisimama mbele ya watu, akasema shemeji yake alianza dozi kwa kuchelewa, na angeimaliza angekuwa nasi. Mume akaitikia kwa kichwa. Nilisimama nikasema niliyoyaona kwenye ile sufuria, yote, kwa sauti. Wanawake wawili wakanishika mabega wakanikalisha, wakisema uchungu umenizidi. Sahani nyekundu ilikuwa palepale juani, na kuna mtu aliyekuwa amemwekea mbwa chakula humo. Kiwandani waliletewa habari saa ya chakula. Mmoja akasema, "Masikini, na nyama ndiyo imebaki ngumu hivi hivi."

Mwezi haujaisha, mume akaifuta simu ya marehemu vyote vilivyokuwemo na kumpa mwanamke mwingine. Binti alipoifuata, akaambiwa hakuna cha mama yake tena pale. Hakuwa na kitu chenye sauti ya mama yake. Alikuwa akiniuliza mimi, "Mama mdogo, alikuwa anacheka vipi? Anza." Najaribu kukohoa kile kikohozi, nashindwa.

Tulikwenda sokoni pamoja, yeye anatafuta uzi, mimi nimembebea mfuko. Pale langoni palikuwa na meza, kitambaa cheupe, chupa zimepangwa, na spika. Koti alikuwa amewapa watu mgongo, anapanga. Na kutoka kwenye ile spika, kwa nguvu, juu ya kelele zote za soko: "Mimi Mama Laini, mpishi wa nyama. Ini langu lilikuwa gumu, sasa ni laini."

Binti alisimama kama aliyegongwa. Kikohozi kidogo. Kicheko.

Nikaweka mfuko chini. Nilijua anakwenda kumrarua yule mtu, na nilikuwa tayari kumsaidia. Alipita katikati ya watu mpaka mezani. Koti alipogeuka na kumwona alirudi hatua nyuma, nami nilifurahi kumwona ameogopa.

"Baba mdogo," binti akasema. "Rudia."

Koti akamtazama. Akanitazama mimi. Akabonyeza.

Binti akaweka mikono yote miwili juu ya spika, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likaigusa, na akaanza kulia. Watu wakageuka. Mwenye mboga akaacha mboga zake, mwenye ndoo akatua ndoo. Koti ni mwepesi, hilo siwezi kumnyima. Akapaza sauti, "Mnaona? Huyu ni mtoto wake wa kumzaa! Hiyo ndiyo sauti ya mama yake, hata yeye hawezi kuzuia machozi!" Wakasogea. Mzee mmoja, tumbo limemvimba mbele kama lile ninalolijua, akanyoosha mkono kuchukua chupa.

"Ameshakufa!" nikapiga kelele. "Huyo anayeongea ameshakufa! Ni maganda, ni maganda ya taka, yamechemshwa!"

Mwanamke mmoja akanigeukia, amekunja uso. "We mama, nyamaza basi. Hatusikii."

Wakanyamaza wote, soko zima pale langoni, wanamsikiliza Mama Laini. Mzee akaifungua chupa. Sauti ilipokwisha binti hakuinua kichwa.

"Rudia tena, baba mdogo," akasema, na Koti akarudia.